Enzi ambayo 'if' Ilikuwa Programu

Mpakani Kasumulu, wilayani Kyela, pale mto Songwe unapoitenga Tanzania na Malawi, mgeni huona foleni ya malori, wabadilisha fedha na magunia ya mchele. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hauoni, maana umefukiwa ardhini, ingawa unavuka hapo hapo kwenda upande wa pili. Nyuma ya mkongo ule ziko seva na vifaa vya kuelekeza mawasiliano, na vingi kati yake huendeshwa na mifumo yenye asili ya Unix. Fundi anayeingia ndani yake hakuti picha wala vitufe. Anakuta mstari mtupu unaongoja amri. Programu inayongoja pale huitwa sheli (si ile ya petroli), na kazi yake ni kupokea amri, kuitafuta programu inayotajwa, kuiendesha, kisha kungoja amri nyingine.

Sheli pia husoma amri zilizoandikwa mapema kwenye faili. Tuseme karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kakao kule Ipinda anataka faili la mizani linakiliwe kwenye flashi kila jioni. Ataandika hivi:

    if [ -d /media/flashi ]
    then
        cp mizani.csv /media/flashi
    else
        echo "Chomeka flashi kwanza"
    fi

Maana yake ni rahisi: kama flashi ipo, nakili, kama haipo, lalamika. Lakini mwanafunzi anayeiona kwa mara ya kwanza atauliza maswali ya haki kabisa. Kwa nini mabano yale lazima yaachiwe nafasi, ukiyabananisha mashine inagoma? Kwa nini tunafunga kwa 'fi', yaani 'if' iliyogeuzwa? Na kwa nini sheli huhesabu sifuri kuwa ndiyo na moja kuwa hapana, kinyume cha karibu lugha zote za programu? Walimu wengi hujibu kwamba ndivyo ilivyo, ukariri. Ni jibu la uvivu, kwa sababu kila moja ya hizo alama ina kisa chake, na visa vyenyewe vinajulikana.

Wazo la kuandika amri kwenye faili ili mashine izifuate lenyewe lilipata sura yake mwaka 1963 na 1964 pale MIT, Marekani. Mfaransa Louis Pouzin alichoka kuandika mfululizo uleule wa amri kila siku, akatunga programu aliyoiita RUNCOM. Ni yeye pia aliyelitumia neno 'shell' kwa mara ya kwanza kwa kazi hii, kisha akarudi kwao Ufaransa mwaka 1965. Herufi 'rc' zinazokaa mwishoni mwa majina ya mafaili kama .bashrc ni masalia ya RUNCOM. Huyu Pouzin baadaye ndiye aliyejenga mtandao wa CYCLADES, ambao mbinu zake za kutuma vifurushi vya data waasisi wa intaneti walizichukua. Kwa hiyo anamdai mara mbili yeyote anayefanya kazi kwenye mkongo.

Mambo yenyewe yalianza kukolea Murray Hill, New Jersey, kwenye maabara za Bell. Mwaka 1969 Ken Thompson, akiwa na Dennis Ritchie, alianza kuijenga Unix kwenye kompyuta ya PDP-7 ambayo haikuwa na kazi nyingi. Mwanzoni sheli ilikuwa inajiondoa kwenye kumbukumbu, inaipisha programu iliyoitwa, na programu ikimaliza sheli inapakiwa upya. Kisha wakaongeza 'fork', njia ya mchakato mmoja kujigawa na kuwa miwili: mzazi na mtoto. Kwenye PDP-7 nyongeza hiyo ilichukua mistari 27 tu ya lugha ya mashine. Kuanzia hapo sheli ilikuwa inazaa mtoto, mtoto anaiendesha amri, mzazi anangoja.

Mara ikazuka ajabu. Amri ya 'chdir', ile ya kuhama kutoka saraka moja kwenda nyingine, ikaacha kufanya kazi. Haikutoa kosa lolote. Unaiandika, inakubali, ukitazama bado upo palepale. Ritchie amesimulia jinsi walivyoupekua msimbo kwa wasiwasi wakitafuta 'fork' imeharibu nini. Haikuwa imeharibu kitu. Mtoto alikuwa anahama kweli, kisha anakufa, na mzazi, ambaye ndiye sheli, hakuwa amesogea hata hatua moja. Ikabidi 'chdir' ihamishiwe ndani ya sheli yenyewe. Hii ndiyo sababu hadi leo 'cd' haitendi kazi kama programu ya nje.

Kisa cha pili kilichelewa kuonekana. Kila faili lililofunguliwa lina alama inayoonyesha kusoma au kuandika kumefikia wapi. Siku zile kila mchakato ulikuwa na alama yake. Wakaandika faili la amri lenye 'ls' na 'who', wakaelekeza matokeo yote kwenye faili moja. 'ls' ikaandika orodha yake vizuri. Ikaja 'who', nayo ikaanza kuandika mwanzo kabisa wa faili, juu ya kazi ya mwenzake, kwa kuwa alama iliyorithi kutoka kwa sheli ilikuwa bado sifuri. Sheli yenyewe haikuwa imeandika chochote. Dawa ikawa kuziondoa alama zile kwenye michakato na kuziweka kwenye jedwali moja la mfumo mzima. Mzazi na mtoto wakawa wanatazama alama ileile. Mmoja akiisogeza, imesogea kwa wote.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja utaona kitu cha kupendeza. Saraka haishirikiwi kati ya mzazi na mtoto, kwa hiyo 'chdir' lazima ikae ndani. Alama ya faili inashirikiwa. Basi programu ya nje inaweza kuisogeza, na sheli itaendelea kusoma kutoka mahali papya bila kujua kwamba imehamishwa.

Hicho ndicho kilichofanyika. Katika sheli ya Thompson, ile iliyotumika tangu toleo la kwanza la Unix la Novemba 1971 hadi toleo la sita la Mei 1975, hapakuwa na amri za kuamua wala za kurudia. 'if' ilikuwa programu inayojitegemea, imekaa kwenye saraka ya /bin pamoja na 'ls' na 'cp'. 'goto' nayo ilikuwa programu. Hata kuifasiri nyota ya '*.c' kuwa orodha ya majina ya mafaili ilikuwa kazi ya programu ya pembeni, iliyoitwa 'glob'. Sheli ilijua kuzaa mtoto, kuelekeza mafaili, na kungoja. Kuanzia 1973 ikajua pia kuunganisha programu kwa mabomba. Sababu kubwa ya kuyaacha mengine nje ilikuwa umaskini wa mashine. PDP-11/20 waliyoihamia ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24, ambapo 16 zilichukuliwa na mfumo na 8 zikabaki kwa programu za watumiaji. Picha moja inayopigwa na simu leo ni kubwa kuliko hiyo zaidi ya mara mia. Na kwenye mashine hiyo hiyo walikuwa wakiwahudumia wachapaji wa idara ya hataza ya Bell.

Faili la amri la enzi hizo lilikuwa hivi:

    : mwanzo
    if $1x = x exit
    pr $1
    shift
    goto mwanzo

Mstari wa kwanza ni lebo. Nukta mbili ilikuwa amri isiyofanya lolote. Sheli ikifika pale inapita. Mstari wa pili unaiita programu ya 'if' na kuipa maneno ya kulinganisha. Ile 'x' iliyobandikwa ni ujanja: kama jina la faili halipo, nafasi yake ingebaki tupu na 'if' ingechanganyikiwa, kwa hiyo unaongeza herufi pande zote mbili ili pasiwe patupu. Ikiwa yamelingana, yaani majina yamekwisha, kazi inakoma. La sivyo 'pr' inaliandaa faili kwa uchapishaji, 'shift' inasogeza majina mbele kwa moja, kisha inakuja 'goto'.

Hapo ndipo penye utamu. Sheli ililifungua faili la amri kupitia mlango wake wa kawaida wa kusomea, mlango uleule ambao kila mtoto wake huurithi. 'goto' ikiendeshwa inarudi mwanzo wa faili, inasoma mstari baada ya mstari ikitafuta nukta mbili na neno 'mwanzo', na ikilipata inaiacha alama hapo, inakufa. Sheli inaamka kuomba herufi inayofuata na kupewa iliyo baada ya lebo. Ni sawa na mzee wa kanisa anayesoma somo la Jumapili akifuatisha mistari kwa kidole, mjukuu akakisogeza kidole hadi aya ya juu, na mzee akaendelea kusoma kwa sauti ileile bila kuhisi kitu.

Ujanja huo ulikuwa na gharama. Sheli ilibidi isome herufi moja moja, maana ingechota nyingi kwa mkupuo, alama ingekuwa imeshapita mbali na amri za nje zisingejua sheli imefika wapi. Kila mruko ulilisoma upya faili kutoka juu. Ukijaribu 'goto' huku unaandika kwa kibodi unapewa kosa, kwa kuwa kibodi hairudishwi nyuma. Na kubwa kuliko yote: programu yoyote ndani ya faili la amri iliyotaka kusoma data kupitia mlango wake wa kawaida ilijikuta inazila amri zilizobaki.

Pamoja na hayo, mimi naihesabu kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa za enzi ile. Thompson hakuiongezea sheli lugha. Alikiacha chombo kidogo kifanye kazi yake na kuzirusha nje kazi zilizobaki. Na jambo moja lililozaliwa hapo limedumu: 'if' iliweza kupewa amri nzima ndani ya mabano ya mawimbi, ikaiendesha, na kuhukumu kwa namba ambayo amri hiyo iliiacha ilipomaliza. Sifuri maana yake kazi imekwenda salama. Namba nyingine yoyote ni tatizo, na aina ya tatizo inaweza kusomeka kwenye namba. Kufaulu ni kwa namna moja, kushindwa kuna njia nyingi. Ndiyo maana sifuri ikawa ndiyo.

Wakati toleo la sita likianza kusambaa vyuoni Marekani, Ulaya na Australia, Tanzania ilikuwa imefunga mlango. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Vijana wa Dar es Salaam waliokuwa na hamu na mambo haya waliyasikia kwa mbali. Kyela hata huko mbali hayakufika.

Bell nako, watu walianza kuandika mafaili marefu ya amri kuliko Thompson alivyokusudia. John Mashey alikuwa kwenye kikundi cha Unix ya watengeneza programu, PWB, iliyohudumia wafanyakazi wengi kwenye mashine moja. Aliona 'if' na 'goto' za nje zikipoteza muda wa kuzaa michakato, akaziingiza ndani ya sheli, akaongeza 'else' na 'endif', 'switch', 'while', pamoja na vigeu vya herufi moja. Kigeu chake cha kutaja saraka ambamo amri zitafutwe ndicho babu wa PATH ya leo. Mwaka 1976 aliandika makala akitetea kwamba lugha ya amri inaweza kutumika kama lugha kamili ya programu. Toleo lake lilitoka mwaka 1977, likatumika sana ndani ya Bell, kisha likafunikwa.

Aliyelifunika ni Stephen Bourne, Mwingereza aliyetoka Cambridge, alikokuwa amefanya kazi kwenye kikompaila cha ALGOL 68. Alifika Bell mwaka 1975, na sheli yake ilitoka na toleo la saba mwezi Januari 1979. ALGOL 68 ina tabia ya kufunga sentensi kwa kuligeuza neno lililoifungua: 'if' kwa 'fi', 'case' kwa 'esac'. Bourne akaileta tabia hiyo nzima nzima. Kwa kurudia, 'do' ingepaswa kufungwa kwa 'od', lakini tayari Unix ilikuwa na programu ya 'od' ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili kwa namba za msingi wa nane, na watu waliitumia kila siku. Ikawa 'done'. Mapenzi yake kwa ALGOL hayakuishia hapo: msimbo wa sheli aliuandika kwa lugha ya C iliyovishwa nguo za ALGOL, maneno IF, THEN na FI yakiwa kwa herufi kubwa. Msimbo huo ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyowachochea Landon Curt Noll na Larry Bassel kuanzisha mwaka 1984 shindano la kuandika C isiyosomeka. Mimi siucheki sana, ulifanya kazi.

Jambo la maana zaidi alilofanya Bourne ni kuamua kipi kiingie ndani na kipi kibaki nje. Matawi na mizunguko viliingia. Faili la amri likapewa mlango wake wa pembeni, na mlango wa kawaida wa kusomea ukaachwa huru kwa data, kwa hiyo programu zikaacha kuzila amri. Lakini hukumu yenyewe, kama faili lipo au maneno mawili yanalingana, aliiacha nje, kwenye programu ya 'test'. Baada ya 'if' unaweka amri yoyote ile, na sheli inatazama tu kama imeacha sifuri. Baadaye 'test' ikapewa jina la pili, mabano ya mraba yanayofungua, ili macho yapumzike. Yale mabano ya karani wa Ipinda ni jina la programu, na '-d' ni neno inalopewa. Ukibananisha, sheli inatafuta programu yenye jina '[-d', haiioni, inalalamika.

Toleo lile la saba lilikuwa pia na amri ya 'true', ambayo kazi yake ni kufaulu siku zote. Ilikuwa faili tupu. Sheli inalifungua, haikuti kitu cha kufanya, haikosei, inaacha sifuri. Miaka ya baadaye AT&T walilijaza faili hilo tangazo la hakimiliki, wakawa wamejihakikishia umiliki wa kutokufanya kitu.

Bill Joy wa Berkeley alikwenda njia nyingine kwa sheli yake ya 'csh', akayaweka mahesabu yote ndani na kuandika masharti yafanane na C. Ilipendwa kwa kuandika amri moja moja, ikachukiwa kwa mafaili marefu. Na 'goto' alibaki nayo.

Afrika Mashariki mbinu ya kale ilikuja kwa mlango wa nyuma, ndani ya DOS, mfumo ulioendesha kompyuta ndogo za mezani. DOS ya mwaka 1981 iliweza kufuata faili la amri bila kuamua lolote. DOS 2.0 ya mwaka 1983 ikaleta IF, GOTO, FOR na SHIFT, na aliyewahi kuiona sheli ya Thompson asingepotea: lebo zilianza na nukta mbili, na GOTO ililisoma faili kutoka juu kuitafuta. DOS ilikuwa inalifungua faili, inasoma mstari mmoja, inalifunga, inaendesha amri, kisha inalifungua tena. Ukichomoa disketi katikati, inakuomba urudishe ile yenye faili la amri.

Mashine za namna hiyo ndizo zilizobeba barua pepe za kwanza za vyuo vyetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET, ukiwa na makao Chuo Kikuu cha Nairobi, uliunganisha Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Lusaka na Harare kwa teknolojia ya FidoNet, ambayo Tom Jennings aliianzisha San Francisco mwaka 1984. Mashine ilipiga simu ya kawaida, ikabadilishana vifurushi na mwenzake, ikakata. FidoNet ilivumilia laini mbovu, na laini zilikuwa mbovu kweli. Kituo cha Fido moyo wake ulikuwa faili la amri la DOS, la sura hii:

    :anza
    posta
    if errorlevel 30 goto fungua
    if errorlevel 20 goto mgeni
    if errorlevel 10 goto kosa
    goto anza

Programu ya posta inakaa ikingoja simu. Ikimaliza inaacha namba: vifurushi vimeingia, au mtu anataka kuingia kwa kibodi, au modemu imegoma. Faili linaruka panapostahili, linafanya kazi, linarudi kungoja, usiku kucha. Kulikuwa na mtego: 'errorlevel 10' haimaanishi kumi kamili bali kumi na kuendelea, hivyo lazima uanze na namba kubwa ukishuka. Ukizipanga kinyume, kila barua inayoingia inachukuliwa kuwa kosa.

Unix yenyewe ilitufikia kwa wingi kupitia Linux, iliyoanza 1991, na sheli ya 'bash' ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989 kwa mradi wa GNU, ikifuata lugha ya Bourne. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, 'if' na 'goto' za nje zilikuwa zimekwisha kusahaulika. Ukifungua kompyuta yenye Ubuntu kwenye duka lolote la steshenari Kyela mjini na kuandika 'ls /usr/bin/[', utaliona faili la mabano limekaa, ijapokuwa sheli siku hizi inayo nakala yake ndani na hailihitaji. 'if' na 'goto' hutazikuta humo.

Ila ugonjwa wa zamani haujapona. Fundi ana orodha ya seva za shule kwenye faili, jina moja kila mstari. Anaandika mzunguko wa 'while read', ndani yake anaweka 'ssh' ili aingie kwenye kila seva na kutazama nafasi ya diski. Anaendesha. Seva ya kwanza inajibu vizuri, mzunguko unaisha, na hakuna kosa lililoandikwa popote. 'ssh' imerithi mlango uleule ambao 'read' inasomea, imeyameza majina yote yaliyobaki na kuyapeleka kwenye seva ya kwanza, na 'read' iliporudi ikakuta faili limekwisha. Ni alama ileile ya pamoja iliyowekwa kwenye jedwali la mfumo kwa ajili ya 'ls' na 'who'. Dawa ni kuandika 'ssh -n', au kuipa amri hiyo mlango mwingine usio na kitu, '< /dev/null'.